Tirisi Ulluriaq na Mama wa Miaka Minne

Wasikilizaji wapendwa, mlimwona. Tulimalize hilo kwanza, kabla ya pole na kabla ya machozi. Mlimwona Februari ile, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, akivuka uwanja wa shule na chupa ya chai kwapani, upepo ukimsukuma ubavuni. Mlimwona kupitia madirisha yenu. Mkajitia hamnazo. Mkarudi kwenye karatasi zenu za bingo.

Na redio hii haina mdomo wa kuwasuta. Ndiyo iliyokuwa ikiwasomea namba za mchezo huo.

Leo tunamkumbuka Tirisi Ulluriaq, mwandishi wa vitabu vya watoto, mtu wa kijiji chetu cha Nuvuarjuk, huku kaskazini. Vitabu kumi na kimoja. Miaka thelathini na minane darasani. Alifariki Jumanne, wiki tatu zilizopita, nyumbani kwake, asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda juu ya barafu. Na leo hii, saa kumi alasiri, kamati ya shule inakaa ukumbini kuamua jambo moja tu: watoto wa darasa la kwanza wasome kitabu alichokiandika Tirisi, au waendelee kusoma kile kilichoharibiwa. Saa kumi alasiri. Tutairudia hiyo saa, maana humu mna watu wenye masikio ya kuchagua.

Sasa tusikilizane.

Tirisi alizaliwa kambini, ng'ambo ya ghuba, barafu ilipoanza kulegea, mwaka ambao sili wa baharini walikuwa wengi na risasi zilikuwa chache. Babu yake, mwindaji Ulluriaq, alikuwa amekufa miezi miwili kabla. Barafu ilimeguka ikaondoka naye. Aliyempokea mtoto ni bibi yake, Kalluk, mjane wa yule mwindaji. Kalluk alimfuta uso, akamtazama sana, akasema, "Kumbe hukwenda mbali." Mtoto akaitwa Ulluriaq. Hilo la Tirisi ni la padri, aliyefika kiangazi na maji yake.

Tangu siku ile Kalluk hakumwita mjukuu. Alimwita mume wangu.

Mtoto akilia: "Mume wangu, nini tena? Hata safari hii huna subira?" Mtoto akijikojolea ndani ya koti, mgongoni mwa bibi: "He! Mume wangu! Miaka thelathini tumeishi pamoja, hukuwahi kunifanyia haya!" Wanawake wa kambi wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini ini la sili likikatwa, kipande cha kwanza kinakwenda kwa mtoto. Mwenye nyumba hula kwanza. Na hakuna aliyethubutu kumfokea. Nani amfokee mzee Ulluriaq?

Mnaijua hali hii. Kila mmoja wenu ana mtu anayemwita kwa jina la undugu wa aliyetangulia. Marehemu amepata mwili mwingine, mdogo, wenye makamasi, nasi tunamwita vile vile tulivyomwita.

Kisha akaja mtu wa serikali na daftari. Majina yetu yalimchosha ulimi, tena hayakumwonyesha nani mwanamume na nani mwanamke. Akagawa visahani vidogo kama sarafu, vyenye namba, tuvivae shingoni. Tunakumbuka. Wengine wenu bado mnavyo kwenye makopo ya vifungo. Kalluk alikipokea chake kwa mikono miwili, akatoka nje, akamvisha mbwa kiongozi. Mtu wa serikali akamwuliza mkalimani, huyu mama ana nini? Kalluk akajibu, "Huyo mbwa ndiye anayepotea. Mimi najua nilipo."

Tirisi aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote. Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Alipofika miaka minane ndege ilikuja kumchukua. Hapa hatutakaa sana, kwa sababu wengi wenu mna ndege yenu pia. Miaka minane bwenini, nyumbani kiangazi tu. Lugha yake ikawa kitu cha kunong'ona chini ya blanketi. Darasani alipewa kitabu cha kwanza maishani mwake, na ndani yake alikuwamo ng'ombe. Aliambiwa akifunge, amchore yule mnyama kwa kumkumbuka. Akamchora na mapezi kama ya sili. Mwalimu akaiinua karatasi, darasa zima likaangua kicheko.

"Sikuona haya," alimwambia binti yake Miali miaka mingi baadaye. "Niliwaza tu: hawa wana kitabu cha mnyama wao. Cha mnyama wetu kiko wapi?"

Kazi yote ya maisha yake ilitoka kwenye swali hilo.

Alirudi kwetu na miaka kumi na sita, akapata kazi ya kufagia shule. Siku moja mwalimu wa kusini aliugua, Tirisi akaambiwa akae na watoto "wasivunje vitu". Akakaa nao miaka thelathini na minane.

Vitabu vya lugha yetu havikuwapo. Hata kimoja. Akaomba dukani maboksi ya biskuti ngumu, akayakata kwa ulu yake, kile kisu cha nusu mwezi alichokatia nyama, akayashona kwa uzi wa mshipa wa kulungu. Kitabu kikatoka na kurasa nane. Jina lake Mbwa Aliyekataa Kuvuta. Nakala moja, watoto ishirini na wawili. Kilinukia biskuti, na mtoto mmoja akakilamba. Mtoto huyo ni Juupi, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Usikatae, Juupi, mashahidi wapo.

Tirisi hakumkemea. Angemkemeaje? Juupi amebeba jina la kaka mkubwa wa Tirisi, yule aliyepelekwa kusini kutibiwa kifua, asirudi, na kaburi lake mpaka leo hatulijui. Alimwambia tu, "Kaka, kisome kwanza, halafu ukile."

Vitabu vingine vikafuata. Vya mwanzo vilitoka kwenye mashine ya kunakili iliyomwachia mikono ya zambarau mwaka mzima. Baadaye vikachapwa kusini, vyenye rangi na jalada gumu. Lakini namna yake ya kufanya kazi haikubadilika. Hakuandikia mezani. Alilala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni na penseli yake, na atakayepita amruke. Akimaliza ukurasa aliuchukua mpaka nyumba ya jirani, kwa wanawake waliokuwa wakishona mabuti ya ngozi, akawasomea kwa sauti. Hakuwauliza wameuonaje. Aliangalia sindano. Sindano zikiendelea kwenda, ukurasa ule ulikwenda kuwashia jiko. Sindano zikisimama, ukurasa umepita.

"Mtu atakudanganya kwa adabu," alisema. "Sindano haina adabu."

Siku alipowasomea kitabu cha kumi na moja, sindano zote sita zilisimama, na mama mmoja akajichoma kidole asijue.

Wasikilizaji wapendwa, kitabu hicho cha kumi na moja ndicho kinachotuleta hapa. Kiliitwa Mama Yangu Ana Miaka Minne. Hadithi yake ni fupi. Mwanamke mzee na mtoto wa kike wanakwenda kuvua samaki kwenye tundu la barafu. Mtoto ana jina la mama wa yule mzee, aliyekwisha kufa. Kwa hiyo mzee anamwita mama. Anamwomba ruhusa kabla ya kutosa ndoana. Mtoto akisema anasikia baridi, wanarudi nyumbani, mama amesema. Usiku unaingia, mzee anajilaza, na yule mtoto anampapasa kichwa na kumwambia, "Lala, mwanangu."

Hapo ndipo sindano ziliposimama.

Mtoto huyo hakuwa wa kubuni. Ni Uviluq, binti wa Miali. Kwa hesabu ya watu wa kusini, Uviluq ni mjukuu wa Tirisi. Kwa hesabu yetu ni mama yake, maana alizaliwa mwaka ule mama yake Tirisi alipofariki, akapewa jina lake. Alikuwa na miaka minne kitabu kilipoandikwa.

Sasa lisikieni kosa. Tirisi alilifanya mwenyewe na hakulificha hata siku moja.

Kampuni ya uchapishaji ya kusini ilikipenda kitabu. Mhariri wao, mwanamke aitwaye Donna, mtu wa sauti nzuri na nia njema, alipiga simu. Tirisi alikuwa jikoni, Miali anapara samaki pembeni, amempa mgongo. Simu yenyewe ilikuwa na sauti kubwa kama tarumbeta, kwa hiyo Miali alisikia kila neno.

"Tirisi, ni kitabu kizuri mno," Donna akasema. "Kuna kasoro moja ndogo. Bibi anamwita mtoto mama. Wasomaji watachanganyikiwa. Tukiweka 'mjukuu wangu' mambo yatakaa sawa, siyo?"

Tirisi akakunja pua.

Mnacheka. Chekeni. Lakini nani kati yenu hajafanya hivyo leo tangu aamke? Kitoto cha mwaka mmoja kinajua kwamba nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana, na hakuna haja ya kumrushia mtu neno gumu usoni. Tirisi alikunja pua kwa nguvu zote, mpaka macho yakafumba.

"Tirisi? Upo?"

Akaikunja tena.

"Basi ahsante sana," Donna akasema. "Nilijua utaelewa."

Simu ikakatika. Miali akauliza, "Vipi?"

"Nimemkatalia," Tirisi akasema, akachukua kisu, akarudi kwenye samaki. Roho yake ilitulia kabisa. Ilitulia mwaka mzima na nusu.

Meli ya Septemba ikaja. Sote tulikuwa ufukweni kama kawaida, hawa na mafuta yao, hawa na unga, hawa na pikipiki ya theluji ndani ya sanduku la mbao. Tirisi alikuwa na maboksi sita ya vitabu. Akapasua la kwanza palepale, juu ya kokoto. Jalada lilisema: Mjukuu Wangu Ana Miaka Minne. Akasoma mpaka mwisho akiwa amesimama. Kila palipokuwa na mama sasa pana mjukuu. Na pale mwisho, "Lala, mwanangu" imegeuka "Lala, bibi."

Akakifunga. Akamwambia Miali, "Nilimjibu mtu wa simu kwa pua."

"Nilicheka," Miali anasema. "Mungu anisamehe, nilicheka sana. Halafu nikamwona uso wake."

Wakati huo Uviluq alikuwa na miaka sita, darasa la kwanza. Shule ilikwisha pata nakala zake, na kitabu kikawekwa kuwa cha kusomea darasa zima, kwa sababu mwandishi ni wa hapahapa na shule ilitaka kumheshimu. Zikapita wiki mbili. Siku moja Uviluq akarudi nyumbani, akasimama mlangoni, hakuvua hata mabuti.

"Mama, umefika?" Tirisi akamwambia, kama kila siku. "Supu ya moto iko hapa."

Mtoto akakumbatia begi lake.

"Mama?"

"Usiniite hivyo," mtoto akasema. "Kitabu kinasema mimi ni mjukuu wako. Wenzangu wamesema mimi si mama wa mtu yeyote."

"Kitabu kimekosea. Nani ameandika upuuzi huo?"

Uviluq akafungua begi, akakitoa kitabu, akaweka kidole kwenye jalada, juu ya jina.

"Wewe," akasema.

Wasikilizaji wapendwa, miezi saba Uviluq hakuitikia. Akiitwa mama anageuza shingo. Miezi saba. Mwanamke aliyeshindana na bweni, na namba ya shingoni, na kitabu cha ng'ombe, akashindwa na kitabu chenye jina lake mwenyewe. "Mara ya kwanza mama aliondoka kwa ugonjwa," alimwambia Miali. "Mara ya pili nimemfukuza mimi."

Uviluq leo ana miaka ishirini na mmoja. Tulimwuliza ilikuwaje akarudi. Alijibu hivi: "Alikuja chumbani na kalamu na kitabu. Akakaa kitandani kwangu. Akaanza kukata, ukurasa kwa ukurasa. Anakata mjukuu, anaandika mama. Ilimchukua muda mrefu, maana alikuwa anaandika vizuri, hakutaka kichafuke. Alipomaliza akanisomea chote. Akafika mstari wa mwisho akauacha, ananitazama. Nikajua ananisubiri. Nikamwambia, haya, lala mwanangu. Akalia kama mtoto. Nilimbembeleza mimi."

Kuanzia hapo mkaanza kumjua Tirisi mwingine. Yule aliyesimama kwenye mikutano na kusema "Hapana!" mpaka vikombe vikatikisika. Juupi, aliyezoea kumwita shangazi kwa adabu ya umri, alimtania siku moja mbele ya watu: "Shangazi, punguza. Mbwa wote wa kijiji wamelala chini wakidhani ni wao." Tirisi akamjibu, "Kaka, nina miaka hamsini ya hapana nilizozisema kwa pua. Ngoja zitoke."

Aliandika barua kusini. Barua kumi na tisa. Donna alikwisha kuacha kazi. Aliyefuata hakujua lolote. Wa tatu akajibu kwamba kitabu kinauzwa vizuri kama kilivyo. Huku nyumbani alipita mlango hadi mlango na kalamu yake, akasahihisha nakala zenu kwa mkono. Mlimkaribisha, hilo tuwape. Mlimpa chai na mkate wa kukaanga, mkamwachia vitabu. Lakini nakala za shule, zile ambazo kila mtoto anasomea? Alikwenda shuleni na kalamu yake. Akaambiwa na ofisi, kwa upole kabisa, "Tafadhali mama, usichafue mali ya shule."

Mwandishi. Kitabu chake. Asikichafue.

Miaka kumi na mitatu ilipita kabla kampuni haijakubali. Alikuja mkurugenzi mpya, akasoma zile barua zote siku moja, akampigia simu na kumwomba radhi. Wakachapa upya. Kitabu cha kweli, maneno ya kweli, Mama Yangu Ana Miaka Minne. Kililetwa na meli ya Septemba, mwaka juzi. Maboksi manne, yatosha darasa la kwanza kwa miaka mingi.

Yako wapi maboksi hayo? Mnayapita kila siku. Yamo ndani ya kontena la buluu nyuma ya shule, pamoja na viti vilivyovunjika. Yameganda humo msimu wa pili sasa. Ofisi ya shule inasema mazoezi yote, mitihani yote na picha za ukutani zimetengenezwa kufuata kile kitabu cha zamani. Inasema kubadili kitabu cha darasa kunahitaji wazazi au walezi kumi na watano wafike mbele ya kamati, waseme wanataka. Halafu ikaongeza sentensi moja kwenye barua, na sentensi hiyo si ya ofisi, wasikilizaji wapendwa. Ni yenu. Ilisema: "Mpaka sasa hakuna mzazi aliyelalamika."

Miaka kumi na mitano kitabu kile kinaingia nyumbani mwenu ndani ya mabegi. Hakuna mzazi aliyelalamika.

Sasa turudi Februari. Kikao cha kwanza. Tirisi alikuwa amekwisha kuanza kukohoa, Miali akamsihi abaki. Hakubaki. Akavuka uwanja na chupa ya chai, tumekwisha kusema. Jioni ile redio hii ilikuwa na bingo ya kushindania pikipiki ya theluji, na nyinyi mlikuwa mezani na kalamu zenu. Tunakumbuka hata namba iliyoshinda. B saba.

Ukumbini walifika watu wanne. Tirisi. Miali. Mfagizi mwenye funguo. Na mzee Atsiq, aliyedhani bingo inachezwa hukohuko.

Juupi akahesabu viti. "Shangazi, nifanyeje? Ni kumi na watano. Hapa wapo wanne."

"Kaka, hesabu tena."

"Nimehesabu, shangazi."

"Mhesabu na mama yangu. Yuko nyumbani na mimba yake, miguu imevimba, ningemleta mgongoni kama ningekuwa na mgongo."

Juupi akainamisha kichwa. Alijua vizuri anaongea na nani, na yeye mwenyewe ni nani kwake.

Mzee Atsiq akainua mkono. "Na mimi mnihesabu vizuri. Nilikuja kwa bingo, lakini nimekaa."

"Umehesabiwa, mzee. Wewe ndiye wa nne."

"Basi nihesabuni mara mbili, mimi mnene."

Wakacheka wote, na Tirisi akacheka, akammiminia Atsiq chai. Wakasubiri saa nzima. Kila mlango ulipotikisika waligeuka. Ulikuwa upepo. Juupi akaahirisha kikao mpaka Aprili, tarehe kumi na nne. Tarehe kumi na nne Aprili ni leo.

Mnaomjua Tirisi mtadhani alirudi nyumbani akiwalaani. Miali anasema sivyo. "Hakusema neno baya juu ya mtu. Mimi ndiye niliyesema, tena mengi, mpaka akaniambia nimwachie usingizi. Wiki za mwisho pumzi ilikuwa ngumu, nesi anakuja asubuhi na jioni. Siku ya Jumatatu akaniuliza kikao ni lini. Nikamwambia bado wiki tatu. Akasema, siku hiyo niamshe mapema, nisuke nywele."

Jumanne asubuhi alifariki.

Tumekwisha simulia maisha yake, na desturi ya kipindi hiki ni kuishia hapo. Leo hatuishii hapo, kwa sababu yeye hakuishia hapo. Siku tisa baada ya mazishi, Uviluq alijifungua kwenye hospitali ya mji wa mkoa. Mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Walirudi na ndege ya Ijumaa. Wengi wenu mlikuwa uwanjani kupokea mizigo yenu, kwa hiyo mliona. Miali alipanda ngazi kabla abiria hawajashuka, akafunua blanketi, akauliza, "Mama, safari ilikuwaje?"

Mtoto anaitwa Ulluriaq.

Mfikirie kidogo mtoto huyo. Ana nyumba iliyojaa watu wanaojua yeye ni nani. Miali anamwita mama. Uviluq anamwita mwanangu, na ni mwanawe mara mbili. Juupi alikwenda Jumapili kumwona, akabisha hodi, akasema, "Nimekuja kumwamkia dada yangu mdogo," akakaa naye mapajani muda mrefu. Miaka sita ijayo Ulluriaq huyu atapewa begi, atakwenda darasa la kwanza, na mwalimu atamwekea kitabu mbele yake. Jalada litakuwa na jina lake. Ndani yake atasoma ama kwamba yeye ni yule tunayesema ni yeye, ama kwamba sote nyumbani tunamdanganya. Mtoto wa miaka sita huamini kitabu. Uviluq aliamini.

Wasikilizaji wapendwa, pole kwa Miali. Pole kwa Uviluq, aliyefiwa na mtoto wake mkubwa na kumzaa ndani ya mwezi mmoja. Pole kwa Juupi, aliyefiwa na dada na hakuomba hata ruhusa ya siku moja kazini. Pole kwa watoto wote waliopita mikononi mwa Tirisi kwa miaka thelathini na minane, nanyi ni karibu kijiji kizima. Kila mmoja wenu ajiulize, kwa utulivu tu: mtoto aliye mbele yangu sasa hivi, mimi namwita nani? Na siku atakayoniambia nisimwite hivyo tena, nitamjibu nini?

Pia kuna jambo la kujibu leo, siyo siku hiyo. Sasa ni saa tisa na dakika arobaini. Ukumbi wa shule uko wazi, taa zinawaka. Kamati inakaa saa kumi. Wanahitajika watu kumi na watano, na kijiji hiki kina watu mia tisa. Huhitaji hotuba. Simama ukumbini, taja jina lako, sema unataka watoto wasome kitabu alichokiandika Tirisi. Mwenye mtoto ambebe. Mwenye pikipiki ampitie jirani. Nyama iliyo jikoni itolewe motoni, haitakimbia.

Redio hii inazimwa sasa hivi na haitawaka tena mpaka kikao kiishe, kwa hiyo hakuna cha kusikiliza. Vaa buti. Nenda.